Bendera Mbili Nyekundu

Kila siku ya likizo ya kiangazi Junie Ledbetter aliamka saa kumi na mbili asubuhi. Alipaka siagi kwenye mkate wa jana, akaula amesimama, huku baba yake akizunguka nyumba nzima kutafuta ufunguo wa gari. Saa kumi na mbili na nusu walikuwa ufukweni.

Baba yake, Roy, alikuwa mwokoaji katika mji wa Harlan Beach, Florida, kwa miaka kumi na tisa. Kabla ya kufungua mnara wa waokoaji aliingia majini mpaka magotini, akayatazama mawimbi kwa dakika kadhaa. Kisha alimgeukia binti yake.

"Haya, leo tunapandisha ipi?"

"Njano."

"Kwa nini si kijani?"

"Pale karibu na gati maji yanarudi nyuma kwa nguvu. Yana rangi ya matope, na mawimbi hayavunjiki."

"Pandisha basi."

Junie alikuwa na miaka kumi na miwili na alizijua bendera vizuri kuliko watu wazima wengi. Kijani, bahari imetulia. Njano, tahadhari. Nyekundu moja, hatari. Nyekundu mbili, maji yamefungwa na haingii mtu yeyote, hata awe bingwa wa kuogelea.

Kitu alichoshindwa ni kuizuia mikono yake. Mwaka huo alikuwa amepigana shuleni mara tatu, na mara ya mwisho alimvunja msichana mwenzake kidole. Mama yake, mpishi katika meli ya watalii iliyorudi bandarini kila Jumapili, alilia kwenye simu aliposikia habari hiyo. Baba yake alirudi kutoka kwa mwalimu mkuu akiwa kimya, na kimya hicho kilimuuma Junie kuliko kelele. Hata hivyo hakubadilika.

Jumatatu ya pili ya mwezi wa Agosti shangazi yake Loretta aliwasili kutoka Kansas pamoja na mwanawe, Clay, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu. Walikuja kwa wiki moja kuona bahari, kutembelea kituo cha anga, na siku ya Jumamosi kutazama roketi ikirushwa. Clay alikulia kati ya mashamba ya ngano na hakuwahi kuiona bahari. Alikuwa mrefu, mwenye mabega mapana na uso uliojaa madoadoa ya jua. Alishuka garini, akayatazama maji, akasonya.

"Ndiyo hii tu? Nilidhani ni kubwa zaidi."

"Ogelea mpaka mwisho wake kisha uje utuambie," Junie alimjibu.

Clay alirudi nyuma hatua moja. Junie akajua papo hapo kwamba binamu yake hajui kuogelea.

Siku iliyofuata walikula kamba wa kukaanga kwenye meza za mbao kando ya gati. Clay alinyoosha kidole kuelekea mnarani, ambako Roy alikuwa ameketi na darubini yake.

"Kwa hiyo kazi ya mjomba ni kukaa kitini na kuangalia watu wakioga?"

"Baba ameokoa watu themanini na mmoja."

"Nani kawahesabu? Wewe? Mpaka themanini unafika kweli?"

Junie alimrushia sahani yenye mchuzi wa pilipili. Clay alimsukuma, naye Junie akaanguka chali juu ya benchi na kiwiko chake kikachubuka. Kabla Shangazi Loretta hajainuka, Junie alikwisha kuchota mchanga na kumtupia Clay machoni. Alimpiga teke la muundi, naye Clay, akiwa amefumba macho, akamshika nywele na kumvuta mpaka akapiga yowe. Mwanaume mmoja aliyekuwa akivua samaki gatini ilibidi aweke ndoana yake chini aje kuwaachanisha.

"Nyinyi ni damu moja!" alifoka Shangazi Loretta. "Mnang'atana kama mbwa mbele za watu!"

Jioni Roy aliwakalisha wote wawili jikoni. "Wiki ni moja tu," aliwaambia. "Sitaki kusikia tena." Waliitikia kwa kichwa. Chini ya meza, Junie alimkanyaga Clay vidole vya mguu kwa kisigino.

Alhamisi walikwenda kwenye kituo cha anga. Barabara ilikuwa imenyooka, na kwenye mitaro ya pande zote mbili mamba walikuwa wakiota jua. Mbele yao lilisimama lile jengo kubwa linalounganishiwa roketi, likionekana tangu mbali, na kila walipodhani wamelifikia, lilikuwa bado.

Huko Clay aligeuka kuwa mtu mwingine. Ndani ya ukumbi ambamo roketi ya zamani imelazwa kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, alitembea polepole, mikono nyuma, kana kwamba yuko kanisani. Alisimama mbele ya chombo kidogo kilichoungua upande mmoja.

"Humu walikaa watu watatu," alinong'ona. "Siku nane. Watatu, humu!"

Mwongozaji, bibi mmoja aliyekuwa fundi wa mitambo hapo enzi za ujana wake, aliwauliza wageni kwa nini chombo kile kiliungua upande mmoja tu. Watu wakatazamana. Clay akainua mkono.

"Kwa sababu kilirudi kikitanguliza upande wa chini, mama. Upande huo ndio uliosuguana na hewa."

"Hasa!" alisema yule bibi. "Unatoka wapi, kijana?" Akambandikia beji ya shaba kifuani, na watu wakampigia makofi.

Junie hakupiga makofi. Tangu azaliwe aliishi mwendo wa nusu saa kutoka pale na hakulijua jibu lile. Alimsogelea binamu yake.

"Unataka kuwa mwanaanga?"

"Ndiyo." Kwa mara ya kwanza Clay alimtazama bila kejeli. "Tangu nilipokuwa na miaka mitano."

"Unajua vyombo vile vilitua wapi? Baharini." Junie alicheka kwa sauti ili watu wasikie. "Mwanaanga asiyejua kuogelea! Utaenda mwezini na kurudi, halafu ufe maji kama paka!"

Ngumi ilimpata mdomoni. Hakuiona ikija. Alionja damu yenye chumvi, na jino lake moja likalegea. Alimrukia Clay, akamng'ata mkono mpaka meno yakazama, wakaanguka pamoja, wakaviringika na kuangusha ubao wa maelezo, nao ukampiga mzee mmoja mguuni. Wanawake walipiga kelele. Matone ya damu yalitapakaa kwenye sakafu nyeupe. Walinzi wawili waliwanyanyua kila mmoja upande wake, na Clay bado alikuwa akirusha mateke hewani.

Walitolewa nje. Basi la kupeleka wageni karibu na jukwaa la kurushia roketi liliondoka bila wao. Shangazi Loretta, aliyekuwa amefanya kazi za ziada msimu mzima wa baridi ili mwanawe apande basi lile, aliketi kwenye ukingo wa maegesho na kuufunika uso kwa mikono yake.

Njiani kurudi, Clay aliegemeza kichwa kwenye kioo cha gari, machozi yakimtiririka bila sauti. Junie, akiwa na barafu mdomoni, alimwona na akafurahi. Ulimi wake uligusa jino lililolegea. Moyoni alisema, "Bado hujanilipa."

Jumamosi asubuhi bahari ilikuwa imebadilika. Kimbunga kilikuwa kikipita mbali sana, hata mvua yake haikufika Harlan Beach, lakini mawimbi yake yalifika. Yalikuja marefu, ya rangi ya risasi, yakavunjika ufukweni kwa kishindo kilichotetemesha mbao za gati. Mara hii Roy hakumuuliza Junie swali lolote. Alipandisha bendera mbili nyekundu na kuchukua redio yake.

"Mimi nitalinda upande wa kaskazini. Ximena atabaki mnarani. Watu watakuwa wengi leo, na wote watakuwa wanatazama juu."

Ximena Arrieta alikuwa na miaka ishirini na mmoja na alikuwa akisomea uuguzi. Wakati wa baridi, bwawa la kuogelea la mji lilipokuwa halina watu, ndiye aliyemfundisha Junie kupiga mbizi. Siku hiyo alipita kati ya watu na kipaza sauti, akirudia mpaka sauti ikamkauka, "Maji yamefungwa! Asiingie mtu!" Lakini Clay na mama yake walichelewa, kwa kuwa magari yalikuwa yamejaa barabarani. Walipofika, Ximena alikuwa amekwisha kurudi mnarani. Shangazi Loretta alitandika shuka mbali kidogo, kwenye vilima vya mchanga. Clay akateremka peke yake mpaka pale Junie aliposimama, karibu na gati.

Aliinua macho kuelekea mnarani. Kisha Clay akauliza, "Zile bendera mbili maana yake nini?"

Aliuliza kwa upole, kama mtu anayejaribu kufungua mazungumzo. Baadaye Junie aliukumbuka upole huo mara nyingi. Wakati ule alikumbuka ngumi tu.

"Moja ni hatari," alisema. "Zikiwa mbili, hatari imekwisha. Unaweza kuingia mpaka kiunoni."

"Mbona hakuna mtu majini?"

"Wanasubiri roketi. Au unaogopa kulowa, mwanaanga?"

Clay alimtazama, akayatazama mawimbi, akavua fulana yake.

Junie hakutaka afe. Alitaka wimbi moja limpige, limgeuze kichwa chini miguu juu, limjaze mchanga puani mbele ya umati, kisha atoke akilia. Hilo tu. Lakini Clay aliingia mahali pale pale ambapo maji yalikuwa na rangi ya matope. Junie aliona. Alifungua mdomo amwite, kisha akaufunga. "Hatua moja zaidi," alijiambia. "Wimbi moja tu."

Wakati huo huo ugomvi ulizuka chini ya mnara. Wanaume wawili waliokuwa wakigombea nafasi ya viti vyao walianza kupigana. Mmoja alimpasua mwenzake kichwa kwa chupa, na yule aliyepasuliwa akamkaba koo na kumkandamiza mchangani. Watoto wa wote wawili walikuwa wakilia. Ximena aliruka kutoka mnarani, akajitupa kati yao.

Na roketi ikaondoka.

Upeo wa kaskazini ulimulikwa na mwanga mkali kama jua la pili. Umati mzima ulinyanyua nyuso. Kwa muda hapakuwa na sauti yoyote, moto mweupe tu ukipanda. Junie naye alitazama juu. Alipoyarudisha macho kwenye maji, Clay hakuwapo.

Kisha akakiona kichwa chake, mbali, upande wa pili wa mahali mawimbi yanapovunjikia. Mkono ulinyooka, ukazama.

"Clay!" alipiga kelele. "Baba! Clay!"

Lakini mngurumo wa roketi ulikuwa umefika. Ulitetemesha vifua, ukatikisa madirisha ya hoteli, ukaifuta sauti yake kabisa. Junie alimvuta mwanamke mmoja mkono. Mwanamke alitabasamu tu na kumwonyesha angani. Akakimbia kuelekea mnarani, akikanyaga watu na vyakula vyao, akampiga Ximena ngumi mgongoni kwa nguvu zake zote na kunyoosha kidole.

Ximena hakuuliza. Alinyakua boya jekundu, akapuliza filimbi yake kwenye redio na kukimbilia majini. Kutoka kaskazini Roy alikuja mbio.

Bahari iliwapiga wote wawili bila huruma. Wimbi la kwanza lilimtupa Ximena kifudifudi. La pili lilimpitia Roy juu, naye akaibukia mbali. Mkondo ulikuwa umemvuta Clay, na sasa mawimbi yalikuwa yakimsukuma kwenye nguzo za gati zilizojaa kombe zenye makali ya wembe. Roy alimfikia akiwa hatua mbili tu kutoka kwenye nguzo. Hapakuwa na muda wa kuogelea. Alimkumbatia kijana, akageuka na kuweka mgongo wake kati ya Clay na nguzo.

Wimbi likawagonga. Junie, akiwa ufukweni, aliona kichwa cha baba yake kikirushwa nyuma. Likawagonga tena. Maji yaliyowazunguka yakawa mekundu.

Ximena aliwafunga kwa boya na kuwavuta. Wanaume wanne waliingia mpaka kifuani kuwapokea. Bega la Roy lilikuwa limeshuka mahali pasipostahili na mgongo wake umechanwachanwa. Clay alikuwa wa rangi ya buluu. Ximena alipiga magoti, akaanza kumkandamiza kifua kwa mikono miwili huku akihesabu kwa sauti. Mfupa mmoja wa ubavu ulisikika ukivunjika chini ya viganja vyake. Hakuacha. Shangazi Loretta alikuwa amefika na watu wawili walikuwa wamemshika, akipiga mayowe ya jina moja.

Mara Clay akatapika maji na mchanga, akavuta pumzi iliyokoroma. Gari la wagonjwa likawachukua wote wawili.

Hospitalini daktari alisema Clay ataishi, ila mapafu yake yaliingia maji mengi na wamemlaza usingizi kwa dawa mpaka yapone. Roy alipasuliwa na bega kufungwa kwa chuma. Mama yake Junie alikuwa bado baharini na asingefika kabla ya kesho yake.

Mchana alikuja Kapteni Haskell, mkuu wa waokoaji, mwanamke mwenye nywele nyeupe na daftari mkononi. Aliinama mbele ya Junie.

"Mwanangu, pole. Nina swali moja tu. Ulimwona Clay akiingia majini?"

Junie aliutazama mstari wa rangi kwenye sakafu. "Hapana. Nilikuwa natazama roketi."

"Alijua maana ya bendera?"

"Sijui."

Kapteni aliandika. Kisha alimgeukia Ximena, aliyekuwa amesimama kando, nguo bado mbichi, mikono imechanwa na kombe. "Kwa hiyo mnara ulikuwa mtupu na mtoto akaingia majini bila mtu kumwonya. Nalazimika kukusimamisha kazi, Ximena. Jumatatu tutakaa kikao. Huenda usirudi."

"Nimeelewa, Kapteni."

Shangazi Loretta aliyasikia maneno hayo. Alinyanyuka kutoka kwenye kiti, akavuka ukumbi, na kabla mtu hajajua anakusudia nini, alimzaba Ximena kofi. Sauti yake iligonga kuta. Akampiga la pili.

"Ulikuwa wapi?" alilia. "Mwanangu anakufa, wewe ulikuwa wapi?"

Shavu la Ximena liliwaka alama za vidole vitano. Alikuwa na nguvu za kumwangusha shangazi kwa mkono mmoja, lakini mikono yake ilibaki ubavuni.

"Nisamehe, mama," alisema. "Nisamehe sana."

Junie alikimbilia chooni na kujifungia.

Usiku huo, nyumbani kwa jirani, Junie alikaa kitandani akiwa amekumbatia magoti. Alijaribu kujiambia kwamba Clay angeweza kukataa, kwamba yeye hakumsukuma mtu, kwamba si yeye aliyeanzisha ugomvi wa wale wanaume. Kila alipomaliza kuhesabu sababu zake aliisikia tena ile sauti ya kofi. Alikuwa amepigana mara nyingi maishani, amepiga na kupigwa, lakini hakuna pigo lililowahi kumwingia kama hilo, ambalo wala halikumgusa.

Asubuhi alimwomba jirani ampeleke hospitalini kwa baba yake. Roy alikuwa amelala kwa ubavu, uso umevimba. Alijaribu kutabasamu.

"Vipi, bendera gani leo?"

"Baba, ni mimi." Junie hakukaa. "Clay aliniuliza zile bendera mbili maana yake nini. Nilimwambia hatari imekwisha. Nilimwona akiingia kwenye mkondo na sikumwita. Nilitaka apigwe na wimbi."

Roy aligeuza kichwa kwenye mto ili amwone vizuri. Mashine kando ya kitanda ilikuwa ikilia taratibu.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna. Clay bado amelala."

"Kwa hiyo umekuja kabla hajaamka." Roy alifumba macho, na Junie hakujua kama ni maumivu ya bega au ni maneno aliyomwambia. "Umefanya vizuri kuniambia. Kapteni alinieleza yaliyotokea jana, lakini mimi sijasimamishwa kazi, Junie. Mimi sijapigwa makofi."

"Naogopa, baba."

"Najua. Kapteni yuko chini, anakunywa kahawa. Mpigie Ximena simu aje, na umwite shangazi yako. Waambie wote kwa pamoja, maneno yale yale uliyoniambia. Usipunguze hata moja."

Walikutana katika chumba kidogo chenye viti vya plastiki. Junie alisimama. Sauti yake ilikatika mara mbili, lakini hakupunguza neno. Alisema habari ya beji na kicheko, ngumi na jino, bendera, maji ya matope, na mdomo alioufungua kisha akaufunga. Alimalizia kwa kusema, "Dada Ximena alitangaza tangu asubuhi, Kapteni. Sote tulimsikia. Jana nilikudanganya."

Uso wa Shangazi Loretta ulibadilika rangi. "Wewe!" alisema. "Nimekupakata ukiwa mchanga!" Aliinua mkono juu. Junie hakukwepa. Alifumba macho akisubiri.

Pigo halikuja. Alipofumbua macho aliona vidole vya Ximena vimeshika kifundo cha mkono wa shangazi, si kwa ukali, ila kwa uthabiti wa mtu aliyezoea kushika watu wanaozama.

"Imetosha, mama," alisema Ximena. "Tumeshapigana vya kutosha wiki hii."

Shangazi Loretta alimtazama, akaiona alama ya vidole vyake mwenyewe kwenye shavu la yule binti. Akaushusha mkono, akamwegemea. Ximena alimpokea kifuani, wakalia pamoja, na Junie akabaki amesimama peke yake katikati ya chumba mpaka Kapteni Haskell alipomvutia kiti.

Kapteni aliichana ile karatasi ya jana. Ximena alirudi kazini siku ya Jumanne, ingawa alipewa onyo la maandishi kwa kuacha mnara kabla ya kuita mtu wa kushika nafasi yake. Alilikubali bila manung'uniko. Wale wanaume wawili walishtakiwa. Junie alipangiwa kufika kituo cha waokoaji kila asubuhi mpaka shule ifunguliwe, kusugua mbao za uokoaji na kujifunza namna ya kumrudishia mtu pumzi.

Clay aliamka Jumatatu. Junie aliingia akiwa na maneno aliyoyapanga, yakampotea yote mlangoni.

"Mama ameniambia," alisema Clay kwa sauti iliyokwaruza. "Ningekuwa na nguvu ningekung'oa lile jino kabisa."

"Ling'oe. Sitakuzuia."

Clay alimtazama. "Mjomba alinifunika," alisema. "Nilisikia mfupa wake ukivunjika. Alikuwa ananiambia sikioni, 'Nipo, nipo, nipo.' Nami nilisema kazi yake ni kukaa kitini." Aligeuza uso ukutani. "Nenda, Junie. Rudi kesho."

Alirudi kesho yake, na keshokutwa. Siku ya tatu Clay alimsogezea nusu ya jeli yake ya matunda.

Roy aliruhusiwa kwenda nyumbani Alhamisi, mkono umefungwa kifuani. Alimwita Junie barazani, mama yake akiwa ameketi kando yao.

"Wakati ule ulipompiga Clay kwa mikono," alianza, "ulimuumiza mtu mmoja, na kila mtu aliona nani amepiga. Hilo nalo ni baya. Lakini ulipomdanganya ulimpiga yeye, ukanipiga mimi, ukampiga Ximena shavuni kwa mkono wa shangazi yako. Wote hao hukuwakusudia, na mikono yako wewe ilikuwa mfukoni. Uongo ukishauachia huwezi kuuchagulia wa kumgonga. Hasira nitakusaidia kuishinda, maana nami nilikuwa nayo nikiwa na umri wako. Lakini ukweli ni lazima uuseme kwa mdomo wako mwenyewe. Mwokoaji hawezi kuingia humo akakutolea."

"Nilichelewa kuusema, baba."

"Ulichelewa. Ila ulifika."

Shangazi Loretta aliongeza wiki tatu za kukaa. Daktari alipotoa ruhusa, Ximena alimpeleka Clay kwenye bwawa la mji amfundishe kuelea, na Clay mwenyewe ndiye aliyesema Junie aje. Clay alisimama ukingoni, akiyatazama maji yaliyotulia.

"Hapa yatanifika wapi?" aliuliza.

Ximena alifungua mdomo ajibu, kisha akamgeukia Junie.

Junie hakujibu kwa kukisia. Alishuka kwanza mwenyewe, akasimama chini kwa nyayo zote mbili, akapima kwa kiganja mahali maji yalipoishia.

"Kwangu ni begani," alisema. "Kwako yatafika kifuani. Chini ni laini, hakuna shimo. Nimesimama hapo hapo."

Clay alimtazama machoni kwa muda, akashika vyuma vya ngazi, akaingia.